Antivairasi inakula kompyuta ya nani?

Mwalimu aliiweka laptopu juu ya kaunta, akaisogeza kwangu, akasema, "Fundi, nitolee hii antivairasi. Inaniulia mashine."

Nilimwamkia, akaitikia, kisha akarudia ombi lake kwa utulivu zaidi. Anafundisha shule ya msingi hapa Morogoro, na usiku huo alitakiwa amalize kutunga mitihani ya nusu muhula. Tukaiwasha pamoja. Windows ikapanda kwa kujivuta, picha ya wajukuu wake ikatokea kwenye skrini, kishale kikageuka duara. Akabofya Word. Duara likaendelea kuzunguka. Mwalimu hakunung'unika, alinitazama tu, nami nikaelewa kwamba hiki ndicho anachokaa nacho kila jioni.

Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zipi zinatumia nini. Diski ilikuwa asilimia 100, na juu kabisa ya orodha palikuwa na jina la programu ya ulinzi.

Kwa macho ya kawaida, kesi ilikuwa imekwisha.

Hata hivyo sikuitoa. Nilimwazima mwalimu kompyuta ya dukani akamalizie kazi yake, nikabaki na ya kwake. Swali lake limenikaa kichwani kwa majuma kadhaa, hata nilipokuwa nimeinamia mashine za watu wengine. Ni kweli antivairasi inaua kompyuta? Na kama ni kweli, mbona rafiki yangu mwenye laptopu mpya anayo, na hata hakumbuki kwamba ipo?

## Fundi analipwa kwa kasi

Kuna jambo kuhusu kazi yetu ambalo lazima nilitaje kwanza, maana linapindisha kila ushauri unaotolewa juu ya kaunta.

Mteja akija kuchukua mashine yake, anapima kitu kimoja: inawaka upesi? Akiona Word imefunguka bila kumchosha, anatoa pesa na shukrani. Kirusi ambacho hakikuingia hakionekani siku hiyo, wala mwezi unaofuata. Kwa hiyo fundi anayeondoa ulinzi anasifiwa palepale, na fundi anayeuacha anaulizwa mbona bado nzito.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Windows na Office nyingi zinazopigwa mitaani zinaamshwa kwa kreki, yaani programu ya kukwepa leseni, na antivairasi huikamata kreki hiyo ikaifuta. Ili isifutwe, fundi anaingia kwenye mipangilio ya ulinzi na kuiweka diski C yote kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Alama ya ngao inabaki na tiki yake ya kijani. Mwenye mashine anaamini amelindwa. Na mashine kweli inakwenda vizuri, kwa sababu hakuna kinachokaguliwa.

Nimezikuta mashine za namna hiyo zaidi ya mara moja. Kila mara inaniuma, kwa kuwa mwenyewe hakuambiwa alichopewa.

## Flashi ya mwalimu

Angekuwa mtu anayekaa na kompyuta yake peke yake, asiyepokea faili la mtu, mjadala ungekuwa mwingine. Mwalimu anaishi na flashi. Mtihani unaandikwa kwenye laptopu yake, unakwenda steshenari kuchapwa, unarudi kusahihishwa, unapita kwa mwalimu wa taaluma, unaishia kwenye kompyuta ya ofisi. Kila kituo ni tundu la USB ambalo siku hiyohiyo limeshachomekwa flashi za watu chungu nzima.

Aliyewahi kufungua flashi akakuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato hahitaji kuhadithiwa. Mafaili yapo, yamefichwa tu. Ukibofya ile njia ya mkato, folda lako linafunguka kweli, na wakati huohuo kirusi kinaamka na kujinakili kwenye kompyuta. Kirusi cha Conficker, kilichoanza kusambaa mwishoni mwa 2008, nacho baadaye kilitumia flashi kama njia yake mojawapo. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzima Autorun ya flashi, yaani programu kujiwasha yenyewe flashi ikichomekwa, kwenye Windows za zamani, na mlango mmoja ukazibwa. Ule wa kumshawishi mtu abofye mwenyewe haukuzibika, na sioni utazibikaje.

Kumtolea mwalimu ulinzi, halafu kumrudisha steshenari na flashi yake, ni jambo ambalo sikuweza kulifanya kwa moyo mweupe.

Lakini kumwacha akihangaika na lile duara ni kumfundisha auchukie ulinzi wenyewe. Atakwenda kwa fundi mwingine, na huko atatolewa bila kuulizwa swali.

Nilikuwa nimebanwa pande zote mbili, ndiyo maana nikaamua kuangalia kazi hii inafanyikaje hasa, badala ya kurudia tunayoambizana mafundi.

## Kinachotokea ukibofya

Programu ya ulinzi haikai pembeni ikichungulia. Kwenye Windows inajipachika ndani kabisa ya mfumo, kwenye njia ambayo kila faili hupita kabla ya kufunguka. Defender, antivairasi ya Microsoft, ina dereva wake, yaani programu ndogo ya ndani ya mfumo, aitwaye WdFilter anayekaa kwenye njia hiyo. Mkaguzi wake mkuu ni MsMpEng, anayeonekana kwenye Task Manager kwa jina la Antimalware Service Executable. Word ikiomba faili, ombi linasimamishwa kidogo. Faili linasomwa, linalinganishwa na alama za virusi vinavyojulikana, na kama ni programu inayotia shaka, linaweza kuendeshwa kwanza ndani ya kompyuta ya kuigiza iliyomo kwenye antivairasi yenyewe ili tabia yake ionekane. Likiwa safi, linaruhusiwa.

Aliyesafiri kwa basi kati ya Morogoro na Dar anaijua mizani ya Vigwaza. Kulipima gari moja hakuchukui muda. Foleni inatokana na wingi wa magari na upana wa njia ya kuingilia. Ukaguzi wa faili moja nao ni mdogo mno kuhisika. Tatizo ni kwamba ukibofya Word hujafungua faili moja.

Word ikiwaka inaita mafaili mengi ya kwake na ya mfumo. Hata mtihani wenyewe, ule uliohifadhiwa kwa docx, si faili moja. Ni kifurushi kilichobanwa kama zip, chenye mafaili madogo ya XML ndani yake, picha, na maelezo ya mitindo. Mkaguzi anapaswa kukifungua kifurushi ili aone kilichomo. Folda la Downloads lililojaa programu za kusakinisha ni zito kuliko yote: Windows inataka kukuonyesha ikoni ya kila programu, ikoni imo ndani ya faili, kwa hiyo faili linafunguliwa, na likifunguliwa linakaguliwa. Wewe ulitaka kuliona folda tu.

Kuna nafuu. Antivairasi za sasa zinakumbuka mafaili zilizokwisha kuyapitia, na lile ambalo halijabadilika huachwa lipite. Ndiyo sababu mojawapo ya Word kuwa nyepesi unapoifungua mara ya pili. Sababu nyingine ni kwamba Windows yenyewe inakuwa bado imeyashika mafaili yake kwenye RAM. Lakini kumbukumbu hiyo si ya kudumu. Alama mpya za virusi zikishuka, faili lililopita jana linaweza kusimamishwa tena leo.

## Diski inayozunguka

Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi, na sijutii.

Laptopu ya mwalimu ni ya mtumba. Ina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Hebu tupige hesabu. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni mizunguko 90 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11. Kwa wastani kichwa cha diski kinangoja nusu mzunguko mpaka data iliyotakiwa ifike chini yake: milisekunde 5 na nusu. Kabla ya hapo kichwa chenyewe kimehama kutoka kilipokuwa, na kwa diski za laptopu uhamaji huo ni milisekunde kumi na kitu. Weka jumla ya milisekunde 17 kwa kila ombi linalotoka sehemu tofauti ya diski.

Maombi 1,000 ya namna hiyo ni sekunde 17.

Hapo bado hakuna kirusi, hakuna kosa, hakuna programu mbovu. Ni chuma kinazunguka. SSD, diski ya kisasa, haina chuma kinachozunguka wala kichwa cha kuhamishwa, na ombi kama hilo linajibiwa kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Maombi 1,000 yanakwisha kabla hujafumba na kufumbua jicho.

Sasa mwongeze mkaguzi. Word inataka kipande cha faili; mkaguzi anataka kulisoma kwa upana zaidi. Wakati huohuo Windows inashusha sasisho, kivinjari kinaandika kumbukumbu zake, WhatsApp inaamka. Kichwa cha diski kinatupwa huku na huku na kila anayeomba. Halafu RAM inajaa. Antivairasi inayokalia megabaiti 200 hivi haihisiki kwenye mashine ya GB 16. Kwenye GB 4, ambazo Windows 10 na kivinjari wameshazigawana, megabaiti hizo zinasukuma kitu kingine kwenda kuhifadhiwa kwa muda kwenye diski. Diski ileile.

Nikarudi kuitafakari ile asilimia 100 ya siku ya kwanza. Nilikuwa nimeisoma kama kipimo cha kazi ya antivairasi. Ilikuwa inasema diski imezidiwa, basi. Na inaweza kufika asilimia 100 huku ikisoma megabaiti chache tu kwa sekunde, kwa kuwa muda wake mwingi unaishia kwenye kuhama, si kusoma.

Rafiki yangu mwenye laptopu mpya ana SSD na GB 16. Ulinzi ni uleule unaomchosha mwalimu.

Tangu hapo nimeacha kuuliza antivairasi ipi ni nyepesi. Ninauliza kwanza imewekwa kwenye mashine gani.

## Nilichokikuta ndani

Kabla ya kupima lolote, nilikuta haikuwa antivairasi moja. Ilikuwepo ya kulipia ambayo leseni yake ya mwaka ilikuwa imekwisha, inayotoa tangazo la kukumbusha malipo kila baada ya kitambo. Ilikuwepo na nyingine ya bure ya kukagua flashi, ambayo mwalimu alisema aliwekewa steshenari na kijana aliyetaka kumsaidia. Zote mbili zimekaa kwenye njia ileile ya mafaili. Ya kwanza ikifungua faili ili ilikague, ya pili inaona faili limefunguliwa, nayo inalikagua. Kila ombi linalipa mara mbili, kwenye diski ambayo hata mara moja ilikuwa inaielemea.

Nikaziondoa zote mbili.

Jambo hili wateja wengi hawalijui, na ningependa lisambae: ukiondoa antivairasi ya kampuni nyingine kwenye Windows 10 au 11, hubaki mtupu. Defender, iliyokuwa imejizima kuipisha, inaamka yenyewe. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 imekuwa antivairasi kamili ndani ya Windows, bila leseni ya mwaka na bila boksi la kununua. Hakikisha tu imeamka kweli: fungua Windows Security uangalie, na hapohapo upitie ile orodha ya vitu visivyokaguliwa uone kama hakuna aliyeandika C yote.

Mashine ikapata pumzi. Ombi la mwalimu, ukilitazama kwa namna moja, lilikuwa limekubaliwa, na ulinzi haukuondoka.

Kisha nikaikata kwenye intaneti, nikachomoa flashi zote, nikaanza kulinganisha: ukaguzi wa papo kwa papo ukiwa umewashwa, na ukiwa umezimwa kwa muda. Mara ya kwanza baada ya kompyuta kuwaka, tofauti ilihisika wazi kwenye Word, na ilihisika zaidi kwenye lile folda la Downloads. Mara ya pili ilikuwa ndogo kiasi kwamba nisingeweza kuapa kwamba ipo. Na hata mkaguzi akiwa amezimwa kabisa, Word ya kwanza baada ya kuwasha bado ilikuwa inachosha.

Hilo ndilo lililonigeuza.

Kumtolea mwalimu ulinzi wote kungemwacha na kompyuta nzito vilevile, isipokuwa sasa iko wazi kwa kila flashi.

Kuna chombo cha Microsoft ambacho natamani kila fundi akijue. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, andika New-MpPerformanceRecording, kisha -RecordTo na jina la faili la kurekodia. Tumia kompyuta kama kawaida kwa dakika chache, simamisha, halafu Get-MpPerformanceReport, ukiiambia ikupe vinara kumi wa kila kundi, itakuonyesha mafaili yapi, programu zipi na aina gani za mafaili zimekula muda wa Defender. Kwa mwalimu, mitihani haikuwa juu ya orodha. Juu zilikuwa programu za kusakinisha: madereva ya printa, matoleo ya zamani ya vivinjari, zip za vitu ambavyo hata hakumbuki vilifikaje, vyote vimelundikwa Desktop na Downloads. Kwa ruhusa yake nikavihamishia kwenye diski ya nje. Folda likaanza kufunguka kama folda.

## Saa 8 usiku

Kilichonigusa kuliko hesabu zote ni hiki. Windows hupanga kazi zake za matengenezo, ukaguzi wa virusi ukiwemo, zianze saa 8 usiku.

Aliyepanga saa hiyo alikuwa akiifikiria kompyuta iliyochomekwa ukutani, yenye intaneti, iliyoachwa imelala ikingoja kuamshwa. Laptopu ya mwalimu saa 8 usiku imezimwa. Betri yake imekufa, umeme ni wa LUKU, na hakuna mtu mwenye akili anayeacha mashine imewaka usiku kucha. Kazi iliyokosa kufanyika inasubiri wakati mashine imewaka na haitumiki. Lakini mashine hii ikiwaka, ni kwa sababu mtu anataka kuitumia. Nafasi pekee inapatikana pale mwalimu anapoinuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Ukaguzi unaanza. Akirudi, feni inavuma na kila kitu kinavuta.

Defender ina kikomo: kwa kawaida ukaguzi uliopangwa hautakiwi kuzidi wastani wa asilimia 50 ya prosesa. Kikomo hicho hakitumiki mashine ikiwa imepumzika, ndiyo maana feni huvuma ukiondoka. Na ni kikomo cha prosesa. Shida ya mwalimu haikuwa prosesa hata siku moja.

Masasisho nayo ni hivyohivyo. Kompyuta inayopata intaneti kila siku inashusha vipande vidogo vya mabadiliko. Iliyokaa nje ya mtandao muda mrefu inaweza kulazimika kushusha faili kamili la alama za virusi, ambalo linazidi megabaiti 100, na kwa mtu anayegawa bando la simu hilo si jambo dogo. Kwa hiyo siku anayounganisha baada ya kimya kirefu ndiyo siku mashine inakuwa nzito kuliko zote, na ndiyo siku ambayo ameiunganisha kwa sababu ana haraka ya kutuma kitu.

Niliyoyafanya hapa ni mepesi. Tulikubaliana jioni moja kwa wiki, akiwa na shughuli nyingine za nyumbani, aiwashe, aiunganishe na simu, abofye ukaguzi wa haraka mwenyewe, kisha aiache. Kazi zilizokuwa zinamvizia zinakwisha wakati anaochagua yeye.

## Wanaopima, wanapima mashine zipi

Kuna taasisi zinazopima uzito wa antivairasi kwa utaratibu mzuri: AV-TEST iliyoko Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Wanapima vitu vya kila siku: kunakili mafaili, kubana na kufungua zip, kusakinisha programu, kufungua kurasa za mtandao. Nawaheshimu. Lakini ukisoma maelezo ya vifaa vyao, hata kompyuta ambayo AV-Comparatives wameiita ya hali ya chini ina SSD.

Namba zao ni za kweli, kwa mashine walizozipima.

Ushauri unaotufikia kutoka nje unabeba dhana hiyo bila kuitaja. Mmoja anasema antivairasi za sasa hazina uzito wowote, na kwake ni kweli. Mwingine anasema ziondoe zote. Januari 2017 Robert O'Callahan, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, aliwashauri watu waziondoe zote isipokuwa ya Microsoft, akieleza jinsi zinavyovuruga usalama wa vivinjari. Nilikaribia kuishia hapo. Lakini Mei mwaka uleule, watafiti wa Google Project Zero walikuta kasoro kubwa ndani ya injini ya Microsoft yenyewe, ambayo faili lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuitumia kwa kukaguliwa tu. Ilirekebishwa ndani ya siku chache. Bado ninaona Defender ndiyo chaguo la busara kwa mashine ndogo, ila siwezi kumwambia mtu kwamba haina doa.

Tena si kila uzito ni gharama ya ulinzi. Mwaka 2018 watumiaji wa Firefox waliripoti kwamba MsMpEng inakula prosesa isivyo kawaida wanapotumia kivinjari hicho. Ilichukua hadi 2023 ndipo sababu ikapatikana: Defender ilikuwa inafanya kazi nyingi mno kwa kila tukio la aina fulani linalohusu kumbukumbu ya kompyuta, na Firefox huzalisha matukio hayo kwa wingi. Microsoft iliporekebisha, matumizi ya prosesa ya MsMpEng wakati wa kutumia Firefox yalishuka kwa takriban asilimia 75. Miaka mitano watu waliambiwa, na wengine wakajiambia wenyewe, kwamba hiyo ndiyo bei ya usalama.

Na kwa kuwa programu hizi zimekaa ndani kabisa ya mfumo, zikikosea hazikosei kidogo. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la antivairasi ya McAfee liliitambua svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa kirusi, na kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5. Siyataji haya kumtisha mtu aondoe ulinzi. Nayataja kwa sababu kuongeza antivairasi ya pili na ya tatu "kwa usalama zaidi" ni kuongeza idadi ya wageni kwenye chumba hicho cha ndani.

## Baada ya SSD

Mwalimu alinunua SSD ndogo kwa kulipa kidogo kidogo. Nilihamishia kila kitu chake humo, nikaiacha Defender imewashwa, ukaguzi wote, bila kuandika chochote kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Word sasa inafunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti. RAM bado ni GB 4 na akifungua kurasa nyingi za kivinjari anaihisi, lakini ombi la kutolewa antivairasi hajalirudia.

Si kila mteja anaweza kununua SSD, na hapo ndipo ninapopata shida mpya. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu kwa sehemu kubwa. Laptopu nyingi ninazozipokea hazifiki huko. Microsoft imesema alama za virusi za Defender zitaendelea kutolewa kwa Windows 10 mpaka Oktoba 2028, lakini kwa wasiojiandikisha kwenye muda wa nyongeza wa msaada, matundu mapya ya mfumo wenyewe hayazibwi tena. Kwa hiyo mashine dhaifu kuliko zote ndizo zitakazomtegemea mkaguzi zaidi, kwenye diski isiyomudu.

Kwa mashine hizo, kabla ya kutoa ulinzi, ninafanya mambo manne: kubakiza mkaguzi mmoja, kuondoa programu zinazowaka zenyewe bila sababu, kusafisha Desktop na Downloads, na kupanga na mwenye mashine wakati wake wa ukaguzi. Kwa baadhi inatosha. Kwa nyingine haitoshi, na sina vipimo vya kutosha kusema mpaka uko wapi.

Vipimo hivyo naona itabidi tuvichukue wenyewe. Kama una kompyuta ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, niandikie aina ya diski, toleo la Windows, antivairasi zilizokuwemo, na muda ambao Word inachukua mara ya kwanza baada ya kuwasha, kabla na baada ya kubakiza moja. Ukiweza kuambatanisha ile ripoti ya PowerShell, bora zaidi. Futa tu kwanza majina ya mafaili yako binafsi.